Nilivyopata Upinde na Kupoteza Futi

Mmeniuliza sana, nimechoka kujibu kipande kipande huku nakanyaga cherehani. Mmoja anataka habari za pantoni, mwingine habari za yule mama Mngoni, mwingine anataka kujua kwa nini fundi mzima nimekaa kibarazani Mlabani bila futi shingoni, napima viuno vya watu kwa kamba ya katani. Haya, nimekaa nimeandika yote. Someni, mpokezane. Atakayecheka kabla ya kufika mwisho, nguo yake haishonwi hadi Krismasi.

Karatasi hizi najua zitafika hata kwa shemeji zenu wa Kibaoni wasionijua, kwa hiyo naanza mwanzo. Mimi ni Severini, fundi cherehani, mtoto wa marehemu mzee Filipo. Shamba letu la mpunga liko Lumemo, jirani na mto. Kila mwaka mpunga ukianza kuwa njano, nguruwe pori wanatoka kwenye matete, wanakula kwa siku moja jasho la miezi mitano. Sisi wenye mashamba tuna msako wetu. Wenye mbwa na madebe wanaingia ndani ya matete kuwafukuza. Wenye pinde wanasimama kwenye mstari upande wa pili, kila mtu na mahali pake. Baba alisimama kona ya mwisho, pale mto unapopinda, kaegemeza mgongo kwenye kichuguu. Alisimama pale tangu sijazaliwa.

Alipofariki mwaka juzi, upinde wake ulivunjwa juu ya kaburi. Kwenye msako wetu upinde haurithiwi, kila mtu anatafuta wake. Kinachorithiwa ni mahali, tena kwa sharti usimame hapo na upinde wako mwenyewe. Mimi sikuwa nao. Nikiwa kijana niliwahi kujaribu upinde wa baba mbele ya watu, mshale ukaenda kwenye mihogo ya jirani, wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo nilikuwa mpiga debe.

Basi Jumapili moja baada ya misa akaja Benigni, kiongozi wa msako, akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Severini, kona ya mzee Filipo imekaa wazi misimu miwili. Nguruwe wanapita pale kama wanaingia kwao. Jumamosi tunaingia matete. Ukija na upinde, kona ni yako. Ukija na debe, nampa Tito, na Tito sitamnyang'anya tena."

Tito ni jirani yetu, mtu mzuri, mlenga shabaha. Angekuwa mtu mbaya ningeumia kidogo tu.

Mke wangu Agatha alikuwa anachambua mchele. Hakuinua hata uso. "Na wewe si ukae na debe lako," akasema, "mbona mmezoeana." Nikaingia ndani nikafunga begi.

Ndani ya begi nikaweka daftari langu la vipimo vya wateja. Kuna ukurasa mmoja humo nimeandika juu yake "Baba, upinde". Siku ile kabla hawajauvunja niliupima kwa futi: urefu, unene wa katikati, mwanya wa kamba. Nikasema moyoni, nitatafuta unaolingana na ule, inchi kwa inchi. Mambo ya kibali na barua ya kijiji siyaandiki, hayana utamu.

MLABANI HADI KIVUKONI

Niliondoka Jumatatu asubuhi kwenda ng'ambo ya mto kwa Kandidi, mchonga pinde niliyekuwa nikisikia sifa zake, nimepakiwa nyuma ya baiskeli ya kukodi, begi mapajani, futi shingoni. Sikuivaa kwa kujionyesha. Nimezoea tu, nikiivua naona kama nimetoka bila shati.

Kivukoni tulikuta pantoni iko ng'ambo na haina dalili ya kurudi. Maji ya masika yalikuwa bado juu, na lori moja lilikwama wakati wa kushuka, magurudumu ya mbele nchi kavu, ya nyuma bado juu ya pantoni. "Linatoka sasa hivi," mtu mmoja akatuambia saa tatu asubuhi. Saa nane mchana lilikuwa bado linatoka.

Nikasimama ukingoni natazama maji. Mara wakanizunguka wazee watatu, mmoja kavua kofia. Nikawaamkia.

"Marahaba, mhandisi," akasema mwenye kofia. "Tunashukuru umekuja. Ila usiwasikilize watu wa mjini. Daraja likae kule juu kidogo. Hapa chini udongo unateleza, nguzo haitakaa."

Kumbe futi! "Wazee wangu," nikasema, "mimi nashona suruali."

"Wamekatazwa kusema," akamnong'oneza mwenzake, lakini nikasikia. Wakanishika mkono, wakanipeleka hatua mia nzima kunionyesha mahali pa nguzo ya kwanza. Nilibisha, nikafoka, mwisho nikachoka nikawa naitikia kwa kichwa. Nikawaacha wazee wale pale mtoni wanasubiri daraja langu.

Njaa ikanipeleka kwa mama mmoja mwenye kicheko kikubwa, anakaanga kambale kando ya njia. Akanitazama kuanzia shingoni.

"Na wewe mpima maji, kwenu wapi?"

"Mlabani, ila asili yetu Mahenge."

"Mpogoro!" Akapiga makofi. "Jamani, njooni mwone mali yangu! Babu zangu waliwakimbiza babu zake wakapanda milima, leo kateremka mwenyewe!"

Kwa asiyejua, Mngoni na Mpogoro ni watani. Mtani anaweza kukutukana hadharani, anaweza kukuvua hata kofia akaondoka nayo, na wewe ukikasirika umeaibisha ukoo mzima. Na mimi hasira zangu ziko karibu, mnanijua. Nikajikaza.

"Ninyi Wangoni mlikuja na mikuki," nikamwambia, "leo mmebaki na vikaango."

Akacheka hadi akashika mbavu. Akanipa mkia wa samaki bure, akachomoa leso yangu mfukoni, akajifutia jasho, akaiweka kifuani pake. "Hii ya leo. Ukirudi, chochote utakachokuwa umeshika mkononi ni changu. Mashahidi hawa hapa." Nikacheka na mimi. Ningejua, nisingecheka.

Pantoni ilikuja saa kumi na moja jioni.

LUPIRO, MATOPE NA MICHEMBE

Nililala Lupiro. Jumanne nikapata lori la kwenda njia ya Malinyi, dereva kavaa fulana ya kampeni ya uchaguzi wa mwaka jana, tayari ina matundu makwapani. Nilimwambia fulana hiyo naweza kuitia kiraka. Akasema hapana, mtu wake alishindwa, anataka ioze yenyewe.

Kilomita chache mbele lori likaingia kwenye dimbwi likakaa. Tukashuka, tukasukuma, tukakata matawi, tukatupa mawe, tukatukanana. Siku ikaisha hivyo hivyo. Jumanne yote! Nilihesabu vidole: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nikaanza kumfokea dereva kana kwamba yeye ndiye aliyenyesha mvua.

Asubuhi ya Jumatano akatokea bwana mmoja Msukuma na ng'ombe wanne wa jembe. Yeye na wenzake walihamia pale na mifugo yao miaka si mingi iliyopita. Alisalimia, akalizunguka lori polepole, akafunga mnyororo, akawasemesha ng'ombe wake maneno mawili matatu. Lori likatoka. Sisi watu kumi na wanne lilikuwa limetushinda siku nzima.

Mke wake akatuita tunywe chai. "Mwangaluka," akasema, nikamwitikia hivyo hivyo, kwa kuwa ndiyo salamu pekee ya Kisukuma ninayoijua. Akaniwekea mkononi vipande vikavu, vyeupe, vigumu. Nikafikiri ni kuni za kuchochea, nikainama nikavisukumiza motoni chini ya birika. Watoto wake walipiga kelele! Ilikuwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na nimechoma kifungua kinywa changu mbele ya aliyenipa. Mama yule hakununa. Alinipa vingine, akasimama juu yangu mpaka alipoona natafuna. Ni vitamu, msidanganywe na sura.

Yule bwana akaniuliza naenda wapi. Nikamtajia Kandidi, mchonga pinde.

"Kandidi namjua. Kamba za pinde zake zinatoka kwenye kano za ng'ombe wangu. Ila haraka yako iache hapa. Yule siku ya kwanza hamuuzii mtu."

"Mimi ataniuzia," nikasema.

Akacheka, akaenda kuwafungua ng'ombe wake.

KWA KANDIDI

Kandidi anakaa kijiji kimoja mbele ya Mtimbira. Nilitarajia mzee wa ndevu nyeupe. Nilimkuta mtu wa rika langu, mfupi, kavaa kaptura, anagombana na redio ya kaseti iliyokuwa imemeza utepe.

"Wewe ndiye Kandidi mchonga pinde?"

"Wewe ndiye uliyeagizwa betri?"

"Sina betri."

"Basi subiri."

Nikasubiri. Alipomaliza kuvuta utepe wote, mita kwa mita, akanisikiliza. Nikafungua daftari, nikamsomea ukurasa wa baba kuanzia juu hadi chini kwa sauti ya fundi.

"Mwenye vipimo hivi yuko wapi?" akauliza.

"Ni baba yangu. Marehemu."

"Pole sana, kaka." Akalifunga daftari langu. "Sasa wewe fundi nguo. Mtu akija kwako na vipimo vya marehemu baba yake, anataka umshonee yeye koti kwa vipimo hivyo, utamwambiaje?"

"Nitamwambia alete mwili wake."

Nilitaka kulirudisha neno, lakini nilikuwa nimeshamaliza kusema. Nikakasirika. Nikamwambia upinde si koti, na mimi sikulala kwenye matope kuja kuulizwa maswali.

"Haya," akasema. "Leo siuzi. Leo jaribu tu."

Akateremsha pinde sita kutoka darini, juu ya moshi wa jiko. Zote za mti wa mkole, zimeiva rangi ya kahawa. Mmoja ulikuwa mfupi, una kifundo katikati kimejitokeza kama goti. Huo niliusukuma kando kwa mguu. Nikapima zilizobaki, na wa nne, jamani, ulikuwa upinde wa baba! Umezidi upana wa kidole kimoja tu. Nikasimama kama alivyokuwa anasimama yeye, upinde mkono wa kushoto, kamba mkono wa kulia, nikavuta.

Mkono ulitetemeka. Bega likagoma. Nikavuta kwa hasira, meno yameumana, kamba ikaniponyoka kabla haijafika hata kidevuni, na mshale ukaenda pembeni kabisa, ukapita juu ya kuku, ukatoboa gauni lililoanikwa kwenye kamba ya nguo na kulipasua kuanzia kifuani hadi kiunoni.

Akatoka ndani mke wa Kandidi, Mama Asteria, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kwaya. Akatazama gauni. Akanitazama mimi.

"Hiyo ni sare yangu ya kwaya," akasema taratibu, na hiyo taratibu ndiyo iliyonitisha. "Kesho Kupaa kwa Bwana. Naimba mstari wa mbele. Nitaimba na tundu?"

GAUNI LA MAMA ASTERIA

Cherehani hapakuwa na hata moja kijiji kile. Nikaomba sindano na uzi, nikakaa kwenye kigoda nje, jua lilikuwa bado lipo, nikaanza kushona kwa mkono. Nilishona kwa moyo wote. Upinde nimeshindwa, sawa, lakini nguo? Nguo haijawahi kunishinda. Nikachukua uzi mrefu, nikawa nachoma, navuta, nachoma, navuta. Kandidi aliacha redio yake, akavuta kigoda akakaa mbele yangu. Mimi nikafikiri ananilinda nisitoroke.

Asubuhi yake tulikwenda wote kanisani. Mama Asteria aliimba mstari wa mbele, na mimi nilikaa benchi la tatu nikitafuta pale palipopasuka, mimi mwenyewe niliyepashona, nisipaone. Mungu anisamehe, misa yote niliangalia gauni.

Tuliporudi tukala pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, na kambale wa nazi, tukanywa togwa. Mama Asteria akanipa vipande viwili vya samaki, nikajua nimesamehewa. Ndipo Kandidi akanawa mikono, akasema, "Fundi, nani alikudanganya kwamba wewe unatumia mkono wa kulia?"

Nikashtuka. Mkasi nakatia kulia kwa kuwa mikasi ya dukani yote ni ya kulia. Kalamu kulia. Chakula kulia. Lakini sindano ya mkono, nikiwa peke yangu, nashona kwa kushoto, na jana nilijisahau. Nikamweleza ukweli. Nilipoingia darasa la pili mwalimu alinikuta naandika kwa kushoto, akanipiga rula kwenye vifundo vya vidole. Kesho yake tena. Alisema huo mkono ni wa chooni, hautafanya jambo la maana maishani. Alinipiga mpaka mkono ukajificha wenyewe mfukoni. Na mwalimu huyo mnamjua, amestaafu, yupo hapo hapo Mlabani, suruali zake nazishona mimi.

"Jana nilihesabu," akasema Kandidi. "Umevuta ule uzi mara mia na zaidi, na kila mara mkono wako wa kushoto ulikwenda hadi sikioni ukasimama. Hadi sikioni, ukasimama. Watu nawafundisha hivyo mwaka mzima hawajui. Wewe umefanya hivyo tangu lini?"

"Tangu nimeanza ufundi."

"Basi upinde umeuvuta miaka yote hiyo, ulikosa mti tu. Simama. Leo unachagua. Futi weka pembeni."

Nikasema walau nipime urefu. Akakataa. Akachukua kitambaa cha kichwani cha mke wake, akanifunga machoni. "Macho yako yanataka upinde wa baba yako. Yapumzishe kwanza."

Akaniwekea upinde wa kwanza kwenye mkono wa kulia. Nikavuta kwa kushoto. Ukaja, lakini kwa ubishi, mwishoni ukawa unanirudisha. Nikautoa. Wa pili ukaja kirahisi mno, haukuwa na uhai. Wa tatu nilipouvuta, kamba ikaja hadi sikioni na mkono ukasimama wenyewe. Sikutetemeka. Nilisimama pale kipofu, nimevuta, napumua, na sikutaka kuachia. "Huu," nikasema. "Huu hapa!" Nilipiga kelele kabisa.

Nikafungua kitambaa. Ulikuwa ule mfupi wenye kifundo, niliousukuma kwa mguu.

"Huo?" akasema Mama Asteria. "Miaka miwili namwambia huyu bwana auache nipikie maharage!"

Kandidi akasema wateja wote wanaukataa kwa sura, na yeye kila akitaka kuuchoma, mkono unasita. Akaniwekea alama kwenye mgomba uliokatwa. Mshale wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita karibu. Wa tatu ukasimama kwenye mgomba, unatikisika. Wa nne pia, na wa tano. Nilipiga mpaka vidole vikatoka malengelenge, na kila mshale uliosimama nilikwenda kuuangalia kwanza kabla ya kuuchomoa. Nilitamani Agatha angekuwepo. Nilitamani baba.

KIVUKONI TENA

Ijumaa nikamlipa Kandidi, nikadandia lori la mpunga, nikafika mtoni jua linashuka. Pantoni ilikuwa inajiandaa kwa safari ya mwisho ya siku. Nikakimbia, upinde mkononi, mishale mgongoni, nikasikia nyuma yangu: "Mpogorooo!"

Sikugeuka. Lakini alikuwa na mbio, yule mama. Alinikuta mguu wangu mmoja uko juu ya pantoni, akaushika upinde, akauchomoa mkononi mwangu.

"Nilisema nini? Ulichoshika mkononi! Mashahidi wako wapi?"

Mashahidi walikuwepo, tena wengi. Wale wazee watatu walikuwepo pia.

Ndugu zangu, damu ilinipanda. Niliona kona ya baba inaondoka na mwanamke wa samaki. Kesho asubuhi ndiyo Jumamosi yenyewe. Nikikasirika, habari itafika Mahenge kwamba Severini mtoto wa Filipo hajui utani. Nikiuacha upinde, kesho ni debe, na Tito amekaa pale maisha. Nikajilazimisha kucheka, kicheko kikatoka kibaya.

"Kasirika basi," akasema, macho yanacheka. "Kasirika kidogo tu nione."

"Upinde utaufanyia nini, mtani? Utakorogea mafuta?"

"Nitakorogea uji."

"Chukua kitu kingine."

"Kitu gani kinachonishinda huu?"

Nikafikiri. Kisha nikavua futi shingoni, nikamvisha yeye. "Upinde huo haujanilisha hata siku moja," nikamwambia. "Hii kwangu ni shati, tena imenilisha mimi, mke wangu na watoto wangu miaka kumi na miwili. Mngoni, chukua kilicho kikubwa."

Mama yule aliishika futi, akaiangalia nambari zake zilizofutika. Akapiga kigelegele kilichovuka mto. "Mpogoro amejivua shati! Amejivua shati mbele za watu!" Akanirudishia upinde kwa mikono miwili, akaniongezea kambale watatu kwenye jani, na leso yangu juu yake.

Pantoni ilipoanza kuondoka nikamsikia yule mzee wa kofia akiwaambia wenzake kwa masikitiko, "Mhandisi ameacha futi. Basi tena, daraja hakuna."

LUMEMO, JUMAMOSI

Asubuhi Benigni alikuwa anapanga watu. Akautazama upinde wangu.

"Ndiyo huu? Mbona mfupi?"

"Unanitosha mimi," nikasema.

Nikaushika kwa mkono wa kulia, na vicheko vikaanza. "Anashika kinyume!" Tito akanisogelea kwa roho nzuri: "Severini, geuza mikono, utajiumiza." Nikamwambia, "Tito ndugu yangu, nenda mahali pako." Naye akaenda.

Nikafika kwenye kona. Mgongo kwenye kichuguu, mto upande wa kushoto, matete mbele. Nilikuwa sijawahi kusimama pale. Mpiga debe huiona kona ile kutokea upande wa pili. Nikatazama, na mara nikaelewa jambo ambalo msako mzima haukuwahi kulielewa. Pale nguruwe hana njia nyingine, lazima atokee kulia, amebana ukingo wa matete. Mtu anayevuta kwa mkono wa kulia lazima ageuze mwili wote, ahamishe miguu kwenye tope, na tope linapiga kelele. Nikamkumbuka baba anavyorudi kila msimu, tope hadi magotini, anasema, "Wamenipita tena." Sisi tulidhani ni uzee. Kumbe alisimama miaka yote mahali pasipokuwa pa mkono wake, na hakulalamika hata siku moja. Na mimi hapo upinde uko kulia, na kulia ndiko wanakotokea.

Madebe yakaanza. Mbwa. Matete yakatikisika kwa mbali, yakatulia, yakatikisika karibu. Akatoka dume, kubwa, shingo imejaa manyoya. Sikusogeza mguu. Nilipachika mshale kama nachoma sindano, nikavuta, mkono ukafika sikioni ukasimama. Nikaachia. Mshale ukaingia nyuma ya bega. Alikimbia hatua kama ishirini, akaanguka na kichwa ndani ya mpunga wetu.

Nililia, sifichi. Nilikaa kwenye tope nikalia, na Benigni aliponikuta hakucheka.

Wakati wa kugawa nyama yeye huita kwa mahali pa mtu. Akaita mmoja mmoja, mpaka akafika mwisho. "Kona ya mzee Fi..." Akakatiza. Akanitazama, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Kona ya Severini!" Tito ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. Nyumbani Agatha alichukua lile debe langu, akaenda nalo kisimani, na tangu siku hiyo ni la maji.

Sasa lile la mwisho, ambalo hamkuliuliza kwa kuwa hamkuliona. Jumapili baada ya misa nilifunga kipande cha paja kwenye jani la mgomba, nikaenda kwa mwalimu wangu wa darasa la pili. Alikuwa amekaa mlangoni, kashika fimbo yake ya kutembelea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Severini. Suruali yangu tayari?"

"Bado, mwalimu, sina futi. Nimekuletea nyama."

Nikamnyooshea kwa mkono wa kushoto. Akautazama mkono ule muda mrefu, malengelenge yake na vifundo vyake.

"Severini, unanipa kwa mkono gani?"

"Kwa huo uliompiga nguruwe, mwalimu."

Akaiegemeza fimbo ukutani, akainuka, akapokea kwa mikono yake yote miwili.